Sindano ya ganzi au ya botulinamu: ipi itangulie kwa maumivu ya misuli ya sakafu ya nyonga

Ultrasaundi haikuona kitu. Mkojo umepimwa mara tatu na hauna maambukizi. Umeshatumia dawa za fangasi na za bakteria hadi umezichoka, na maumivu yangali palepale: uzito chini ya kinena, kuchoma ukikaa kwa muda mrefu, choo kinachotoka kwa shida, tendo la ndoa ambalo limegeuka jambo la kuogopwa. Kisha unampata daktari anayejua anachokitafuta. Anabonyeza kwa kidole kimoja ukuta wa pembeni wa uke, taratibu, nawe unashtuka: hapo hapo, ndiyo maumivu yenyewe.

Alichokibonyeza ni msuli. Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli lililotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, nalo hubeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo. Kazi ya misuli hiyo ni kukaza na kulegea kwa zamu siku nzima. Baada ya uzazi mgumu, upasuaji, maambukizi ya kibofu yanayojirudia, endometriosisi (tishu kama za utando wa kizazi kuota nje yake), au miaka ya kujibana kwa hofu, inaweza kusahau kulegea. Ndani yake hujitokeza vifundo vidogo vigumu ambavyo vikiguswa hupeleka maumivu mbali: mapajani, mgongoni, kwenye kibofu.

Mazoezi na mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia yasipotosha, mazungumzo huhamia kwenye sindano za kulegeza msuli, na mara nyingi ni mbili zinazotajwa: ya dawa ya ganzi na ya botulinamu, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Botox. Natoa msimamo wangu mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Kwa wanawake wengi, ya ganzi itangulie. Sidai kwamba ina nguvu zaidi. Ninachokitazama ni kwamba kosa la ganzi hudumu saa chache, na kosa la botulinamu hudumu miezi mitatu.

Sindano ya ganzi

Dawa inayotumika sana ni lidokeini, ile ile ya daktari wa meno. Huanza kazi ndani ya dakika chache na huisha baada ya saa moja au mbili. Nyingine ni bupivakeini, ambayo huchelewa kidogo kushika lakini hudumu saa kadhaa. Wapo madaktari wanaozichanganya ili wapate wepesi wa moja na urefu wa nyingine.

Unalala kama unavyolala kwa kipimo cha mlango wa kizazi. Daktari hutafuta kifundo kwa kidole, kisha hupitisha sindano ndefu nyembamba kwenye ukuta wa uke, mara nyingi ikiwa ndani ya mrija unaoizuia isichome pasipotakiwa, na kuingiza dawa kidogo katika kila kifundo. Sindano ikikigusa kifundo chenyewe utajua tu: maumivu yako unayoyafahamu hupanda ghafla, pengine msuli huruka, halafu ganzi huyazima. Sekunde hizo ni ngumu. Anayekuahidi kwamba hutahisi kitu hakutendei haki, maana mwanamke aliyeambiwa ukweli huvumilia vizuri zaidi kuliko aliyeshtukizwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba dawa huisha mwilini siku hiyo hiyo, lakini nafuu inaweza kukaa siku, wiki, hata miezi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba maumivu na mkazo hulishana: msuli huuma kwa sababu umekaza, na hukaza kwa sababu unauma. Saa chache za ukimya zinaweza kuukata mzunguko huo. Na sindano yenyewe, bila dawa yoyote, ina mchango wake inapokitoboa kifundo. Ndiyo maana wapo wanaotibu kwa sindano kavu peke yake. Daktari Janet Travell wa Marekani, ambaye baadaye alimtibu Rais John F. Kennedy maumivu ya mgongo, alikuwa akichoma ganzi kwenye vifundo vya misuli tangu miaka ya 1940, na mengi yanayofanyika leo kwenye nyonga yametokana na kazi yake ya mgongo na mabega.

Ushahidi kwa upande wa nyonga ni mdogo. Utafiti unaotajwa mara nyingi ni wa mwaka 2007: wanawake 18 walichomwa mchanganyiko wa lidokeini, bupivakeini na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwenye vifundo vya sakafu ya nyonga. Kati yao 13 walipata nafuu ya angalau nusu baada ya sindano ya kwanza, na 6 maumivu yaliwaisha kabisa. Matokeo hayo yanatia moyo, ila hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo haijulikani ni wangapi wangepata nafuu hata kwa sindano ya maji ya chumvi yasiyo na dawa yoyote. Shika neno hilo, maji ya chumvi. Litarudi.

Kuhusu steroidi iliyowekwa kwenye mchanganyiko ule: mimi ningeuliza kwanza inaongeza nini. Steroidi inaweza kupandisha sukari ya damu kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, inaweza kuvuruga hedhi, na ikirudiwa mahali pamoja hudhoofisha tishu. Kwa msuli uliokaza tu, bila uvimbe wa ugonjwa, sioni sababu ya kuikubali bila daktari kueleza anataka ifanye kazi gani.

Madhara ya ganzi yenyewe kwa kawaida ni madogo na mafupi: damu kidogo, mchubuko, maumivu ya siku mbili tatu. Dawa ikisambaa hadi kwenye mshipa wa fahamu jirani, mguu unaweza kufa ganzi au kulegea kwa saa kadhaa, na mkojo unaweza kugoma kutoka kwa muda. Usiende peke yako, na usipange kuendesha gari siku hiyo. Hatari kubwa, ambayo ni nadra, ni dawa kuingia kwenye damu kwa wingi. Dalili zake ni ladha ya chuma mdomoni, mlio masikioni, midomo kuwashawasha na kizunguzungu, na ikizidi, degedege. Ukihisi lolote kati ya hayo ukiwa bado kitandani, sema papo hapo.

Sindano ya botulinamu

Hii ni sumu inayotengenezwa na bakteria Clostridium botulinum, walewale wanaoweza kukaa kwenye chakula cha makopo kilichoharibika na kumpoozesha anayekila. Kwa kipimo kidogo sana, kupooza huko ndiko kunakogeuzwa dawa. Sumu huingia kwenye ncha ya mshipa wa fahamu na kukata protini iitwayo SNAP-25. Bila protini hiyo ncha haiwezi kumwaga asetilikolini, na bila asetilikolini msuli haupati amri ya kukaza. Tafiti za maabara zinaonyesha pia kwamba hupunguza kemikali zinazobeba taarifa ya maumivu, kwa hiyo huenda kazi yake haikomei kwenye kulegeza.

Daktari wa macho wa San Francisco, Alan Scott, ndiye aliyeifikisha kwenye tiba, akitafuta namna ya kunyoosha makengeza bila kisu. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha mwaka 1989 kwa makengeza na kope zinazojifunga zenyewe, mwaka 2002 kwa mikunjo ya uso, 2010 kwa kipandauso sugu, na 2013 kwa kibofu chenye pupa, kile kinachokukimbiza chooni kila mara. Kwa uke unaojifunga wenyewe, ripoti ya kwanza ilichapishwa mwaka 1997. Maumivu ya misuli ya sakafu ya nyonga hayamo kwenye orodha ya matumizi yaliyoidhinishwa na FDA. Daktari anaruhusiwa kuitumia nje ya orodha, na wengi wanafanya hivyo kwa nia njema, lakini una haki ya kuambiwa wazi kabla hujasaini.

Uchomaji unafanana na ule wa ganzi, ila mara nyingi hufanyika kwa dawa ya usingizi mwepesi, na wapo wanaotumia ultrasaundi au kifaa cha kusikiliza umeme wa msuli ili sindano isikosee. Ukiamka hutahisi tofauti yoyote. Msuli huanza kulegea baada ya siku chache, na nguvu ya dawa hukamilika baada ya wiki mbili hadi nne. Hudumu takriban miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, kisha mishipa ya fahamu hurudisha mawasiliano na msuli huweza kukaza tena.

Majaribio ya botulinamu yana uzito zaidi kwa sababu yalikuwa na kundi la kulinganisha, na hapo ndipo maji ya chumvi yanaporudi. Nchini Australia, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, wanawake 60 waligawanywa kwa kura: nusu walichomwa uniti 80 za botulinamu, nusu maji ya chumvi. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, maumivu ya tendo la ndoa katika kundi la botulinamu yalishuka kutoka 66 hadi 12. Ukiona namba hiyo peke yake utaitaka sindano leo. Lakini katika kundi la maji ya chumvi yalishuka pia, kutoka 64 hadi 27. Maumivu ya nyonga nje ya siku za hedhi yalishuka kwa kiasi cha maana katika kundi la botulinamu tu, kutoka 51 hadi 22, na bado makundi mawili yalipolinganishwa moja kwa moja, tofauti haikutosha kusema kwa uhakika kwamba botulinamu ilishinda. Jaribio jingine, la mwaka 2019, lilitumia uniti 200 na halikuona tofauti na maji ya chumvi baada ya wiki mbili.

Hili lisisomwe kwamba maumivu ya wanawake wale yalikuwa ya kichwani. Sindano ilipenya kwenye kifundo, daktari aliyaamini maumivu yao, msuli uliguswa pale panapouma kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Yote hayo ni tiba. Swali letu ni dogo zaidi: je, sumu yenyewe inaongeza kiasi gani juu ya hayo, na je, kiasi hicho kinalingana na gharama na hatari yake?

Zikiwekwa bega kwa bega

Swali hilo liliulizwa waziwazi nchini Ufaransa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu 80, wanawake na wanaume, wenye maumivu ya misuli ya nyonga waligawanywa: kundi moja ganzi peke yake, jingine ganzi pamoja na botulinamu. Siku ya 60 hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo. Kwangu mimi jaribio hili ndilo linaloinamisha mizani. Haliiui botulinamu, maana wapo walionufaika nayo pale ambapo ganzi ilishindwa, lakini linaifanya iwe vigumu kuitetea kama hatua ya kwanza.

Kisha kuna suala la kosa nililolitaja mwanzoni. Misuli hii ndiyo inayofunga mkojo, choo na upepo. Botulinamu ikilegeza kupita kiasi, au ikisambaa kidogo kando, unaweza kuvuja mkojo ukikohoa, kushindwa kuzuia upepo, kupata choo kigumu, au kibofu kisikamue vizuri na kukuletea maambukizi. Kwa kawaida haya hupita, ila hupita kwa ratiba ya dawa, na hakuna sindano ya kuibatilisha. Mwanamke anayefundisha darasani au anayesimama dukani siku nzima anapaswa kuyafikiria majuma hayo kabla, siyo baada. Kwa nadra sana sumu husafiri mbali na kuleta udhaifu wa mwili mzima, shida ya kumeza au ya kupumua. Tangu mwaka 2009 FDA imetaka onyo hilo liandikwe kwa uzito wa juu kabisa. Shida ya kumeza au kupumua ni ya hospitali saa ile ile, hata kama sindano ilichomwa wiki kadhaa nyuma.

Faida moja ya ganzi haitajwi vya kutosha: ni kipimo kwa wakati mmoja na tiba. Ukiwa umekaa pale nusu saa baadaye na maumivu yametoweka, hata kama yatarudi kesho, mmejua wewe na daktari kwamba msuli ule ndio chanzo. Botulinamu haiwezi kukupa jibu hilo siku hiyo. Itakuweka wiki mbili ukisubiri.

Kwa upande wa botulinamu, faida yake kubwa ni muda. Ganzi inaweza kukutaka urudi mara tatu, nne au zaidi, wiki baada ya wiki, na si kila mwanamke anaweza kuvumilia kuchomwa huko mara nyingi, mwilini wala moyoni. Botulinamu huchomwa mara moja, ukipenda ukiwa umelala, halafu inakupa takriban miezi mitatu ya kufanya kazi na mtaalamu wa fiziotherapia msuli ukiwa hauwezi kupigana naye. Gharama ni suala jepesi kulieleza: lidokeini ni dawa ya bei nafuu popote, botulinamu ni ghali popote, na kwa kuwa matumizi haya hayajaidhinishwa, bima nyingi hukataa kuilipia.

Wanaofaa kuruka hatua, na wasiofaa kabisa

Ningemwelewa mwanamke anayekwenda kwenye botulinamu ikiwa ganzi imempa nafuu ya wazi mara mbili au tatu lakini fupi. Vilevile ikiwa msuli wote umekakamaa kama ubao badala ya kuwa na vifundo viwili vitatu vinavyoweza kulengwa, au ikiwa uke hujifunga kiasi kwamba hata kidole cha uchunguzi hakipiti na mazoezi ya kuuzoesha taratibu yameshindikana.

Asiyefaa kuchomwa botulinamu ni mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu na misuli kama myasthenia gravis, mjamzito, na mwenye maambukizi ya mkojo au ya ngozi mahali pa sindano. Anayenyonyesha azungumze kwanza na daktari. Anayevuja mkojo au choo tayari afikirie mara mbili, kwa sababu kilichobaki kikimzuia ndicho kitakacholegezwa. Na mtaje daktari kila dawa unayotumia: jentamaisini na jamaa zake, ambazo ni dawa za kuua bakteria, huongeza nguvu ya sumu hii, na dawa za kuyeyusha damu huongeza hatari ya kuvuja damu katika sindano zote mbili.

Uniti za botulinamu nazo zina mtego wake. Uniti 100 za Botox si sawa na uniti 100 za Dysport. Kila kampuni hupima kwa kipimo chake. Kwa hiyo ukisimuliwa na mwenzako kwamba yeye alichomwa 300, usilinganishe kabla hujajua ya aina gani. Omba uone kichupa na jina lake likiandikwa kwenye faili lako. Dawa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na mwaka 2024 FDA ilitoa tahadhari kuhusu Botox bandia iliyowafikisha watu hospitalini. Saluni si mahali pa kuchomewa kitu hiki, na kwenye nyonga ndiyo kabisa.

Kuna pia wanawake ambao hakuna sindano ya msuli itakayowafaa, kwa sababu anayelia ni mshipa wa fahamu. Ikiwa maumivu ni ya kuunguza, huzidi ukikaa na kupungua ukikalia kiti cha choo, na hayakuamshi usiku, daktari afikirie mshipa uitwao pudendali. Vigezo vya kuutambua ugonjwa huo vilichapishwa mwaka 2008 na vinaitwa kwa jina la mji wa Nantes. Kimojawapo ni kwamba ganzi ikichomwa kwenye mshipa huo, maumivu hupungua. Ni ganzi tena, lakini imelengwa pengine.

Kazi inayobaki baada ya sindano

Hakuna kati ya sindano hizi inayoufundisha msuli kulegea. Hufungua mlango tu, na anayekuingiza ndani ni mtaalamu wa fiziotherapia wa nyonga. Mwaka 2012 jaribio la wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na sakafu ya nyonga inayouma lilionyesha kwamba 59 kwa kila 100 waliofanyiwa fiziotherapia ya misuli hiyo walisema wamepata nafuu kubwa au ya wastani, ikilinganishwa na 26 kwa kila 100 waliofanyiwa masaji ya kawaida ya mwili. Hakukuwa na sindano hata moja. Ikiwa bado hujapewa nafasi hiyo, iombe kabla ya kuzungumzia kichupa chochote.

Hapa kuna onyo ambalo ningetamani libandikwe kila kliniki: mazoezi ya kubana uke, yale wanayofundishwa wanawake baada ya kujifungua, yanaweza kuzidisha maumivu ya msuli ambao tayari umebana. Unachohitaji wewe ni kinyume chake: kupumua kwa tumbo, kuachia, kunyoosha.

Siku ya sindano, una haki ya kuwa na mtu wako chumbani, kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika, na kusema acha na ikaachwa. Aliyewahi kuumizwa kingono anaweza kumwambia daktari mapema hata kwa sentensi moja, bila maelezo zaidi. Daktari mwema atabadilisha namna anavyokushika, anavyokulaza na kasi anayoendea.

Nenda na daftari. Andika maumivu yako kwa namba, 0 hadi 10, kabla ya sindano, nusu saa baada, kesho yake, wiki ya kwanza, ya pili na ya sita. Ukikaa, ukienda haja, ukiwa na mwenzi wako. Namba ikishuka kwa siku tano kisha ikapanda, hiyo ni hoja ya kurudia ganzi pamoja na fiziotherapia. Ikishuka kila mara na kupanda kila mara, mnaweza kuizungumzia botulinamu mkiwa na sababu. Na ikiwa nusu saa baada ya ganzi haikushuka hata kwa moja, mwombe daktari arudi mwanzo kutafuta chanzo kingine, kabla mtu yeyote hajafungua kichupa cha pili.